Wembe wa Madurai

Madurai, 9 Januari 2025

Mwanangu Léonard,

Salamu nakupa nusu. Nusu nyingine utaipata siku utakapopokea simu ya mama yako. Nimekupigia mara sita tangu nifike India, na mara zote sita imeita mpaka imechoka yenyewe. Ujumbe unausoma, tiki mbili za bluu naziona, halafu kimya. Basi nimenunua daftari na kalamu. Nitaandika, nitapiga picha karatasi na kukutumia kwenye barua pepe ya kazini, maana barua za bohari najua huwezi kuacha kuzifungua. Bosi akikuuliza, mwambie ni mzigo wa India.

Tumefika salama. Anti Saras alivimba miguu ndani ya ndege, nikamsugua, ikarudi. Mwaka mzima tangu apatwe na kiharusi mimi ndiye niliyemfundisha kutembea upya nyumbani kwake pale Glenwood, Durban: kitandani hadi chooni, chooni hadi getini. Sasa anatembea Madurai, mji wa babu yake aliyepelekwa Natal kukata miwa. Ulijua kwamba Anti Saras alizaliwa Clairwood? Nyumba yao ilikuwa huko huko malori yenu yanakogeuzia. Ananionyesha mji huu kama mwenyeji kabisa, na yeye mwenyewe ndiyo mara yake ya kwanza kuuona.

Mji wenyewe umejengwa kulizunguka hekalu, mtaa ndani ya mtaa. Malango yake ni minara mirefu iliyojaa sanamu za rangi toka chini hadi juu, hakuna hata pa kuweka kidole. Nimeangalia mpaka shingo ikauma. Wanawake wanavaa asumini kwenye nywele siku ya kazi, hata karani wa benki. Nami Anti Saras alinifunga moja, nikaona aibu kidogo, halafu nikaizoea.

Ndani sikufika mwisho. Kuna kibao kinachosema asiye Mhindu asipite hapo. Anti Saras akamfokea mlinzi kwa Kitamil chake cha Durban, akimwambia mimi ndiye miguu yake. Mlinzi akakicheka kile Kitamil. Bibi wa watu akaingia na mkongojo wake huku machozi ya hasira yakimtoka. Mimi nikakaa nje. Sikuona vibaya. Nyumba ya watu ina mlango wake, na mimi sikuja kuabudu, nimekuja kazini.

Sasa nikuulize. Jana nilimpigia mkeo Yvette, akaniambia hivi: "Mama, kanisani banakuombea sana. Banafunga. Léonard alisema ulienda India kutibiwa." Kutibiwa nini, Léonard? Wahenga walimsema mficha maradhi, kwamba kilio kitamuumbua. Hawakuwahi kumwona mtu anayembunia mama yake maradhi! Nina miaka hamsini na tisa, meno yangu yote ninayo, na nambeba mwanamke mzima kutoka bafuni. Nenda ukawaambie watu ukweli, wale chakula chao.

Ni mimi mama yako, mzima wa afya,
Félicité


Clairwood, 13 Januari 2025

Mama,

Heshima zako. Nimeisoma barua yako madereva wawili wakiwa wamenisimamia kusubiri karatasi zao. Tafadhali usitume tena mambo ya nyumbani hapa kazini.

Unauliza ugonjwa gani. Na mimi nikuulize: ulitaka niseme nini? Mimi ni shemasi. Jumapili ya tarehe 5 Pasta Elysée aliniuliza mbele ya watu, "Mama iko wapi?" Ningejibu kwamba mama wa shemasi amekwenda kuzunguka mahekalu ya sanamu na maua kichwani? Nilisema India, wakauliza India kufanya nini, nikasema mambo ya hospitali. Wewe unamwangalia mgonjwa, kwa hiyo si uongo mzima. Waliofunga walijichagulia wenyewe. Sikumwagiza mtu afunge.

Nilikuomba usiende. Nilikwambia kazi za kutunza wazee ziko tele Durban. Ukasema huyo bibi hawezi kusafiri bila wewe, ukafunga sanduku. Sikuja kukusindikiza kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira hiyo bado ninayo.

Tena ukumbuke wewe ni mke wa nani. Mwalimu Ezéchiel alikuwa mtu wa kuheshimiwa Uvira nzima. Angekuwepo asingekuruhusu hata kupita kwenye mtaa wa hekalu. Miaka yote hii watu wa kwetu wanakuheshimu kwa sababu umelitunza jina lake. Usilichafue sasa uzeeni.

Ninakuomba mambo matatu. Usipakwe kitu usoni. Usitume picha za huko kwa Yvette, simu yake inashikwa na kila mtu. Na ukirudi mwezi wa pili, urudi kimya kimya, tutasema umepona.

Mtoto wako,
Léonard


Madurai, 17 Januari 2025

Léonard,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikifikiri labda mara ya pili itakuwa na adabu.

Umenikumbusha mimi ni mke wa nani. Vizuri. Basi itazame picha niliyokuambatishia. Yvette nimemtumia pia, na yeyote anayeshika simu yake na aione. Ni mimi, leo asubuhi, kwenye hekalu la mlimani nje ya mji. Nimefanya jambo lililokuwa haki kufanywa, na sijuti hata kidogo.

Sababu sikuandikii leo, maana nina hasira. Wewe ni msomi na ni mtu wa kanisa. Kaa uitafute mwenyewe.

Félicité


Point, Durban, 18 Januari 2025

Mama,

Nani amekuambia?

Nimeona kichwa chako. Kimenyolewa chote, kinang'aa. Yvette aliwaonyesha wamama wa kanisa kabla sijamzuia, na sasa wamejaa sebuleni wanalia, wanasema dawa za kansa zimekumaliza nywele. Wao acha waseme. Mimi nilikaa kitandani, kwa sababu mimi nimeelewa. Kwetu mwanamke hanyoi kichwa chote ila kwa jambo moja: mume wake amekufa.

Ni Jacques, yule jirani yetu wa Uvira, sivyo? Aliniapia hatasema. Alipopita Durban mwaka 2017 akitoka Kigoma alinitafuta mimi peke yangu, akaniambia alimzika baba mwaka mmoja kabla, homa ya siku nne. Nikamwomba amwachie Mungu na mimi. Kumbe mdomo wake umefika mpaka India!

Sasa kama umejua, ujue yote. Baba hakupotea vitani Kongo kama tulivyodhani. Siku ile ya 1998 alipokwenda kuangalia shule na asirudi, alivuka ziwa. Alikuwa Kigoma miaka yote, na mwanamke mwingine, na watoto wawili. Wewe ulipita Kigoma hiyo hiyo ukiwa umenishika mkono, unauliza kila hema kama wamemwona mwalimu Ezéchiel. Ningekuambia nini, mama? Kwamba mtu unayemtaja kwenye sala kila jioni alikuwa anakula kwa mwingine, na alijua tuko hai? Jacques alisema alijua. Nilimchukia baba siku ile. Nikaona heri umsubiri yule wa zamani, aliye mzuri, kuliko umzike huyu. Nilikulinda.

Lakini hata hivyo umenikosea. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Ulipaswa kuniita, tukae chini, tulie pamoja, watu wa kwetu wawepo. Wewe umenyoa matanga ya baba yangu mbele ya sanamu, kwa mkono wa mtu asiyemjua, halafu unanitumia picha kama mtu anayetuma picha ya chakula. Hilo nitalisahau vipi?

Léonard


Madurai, 19 Januari 2025

Léonard,

Hakuna aliyeniambia. Umeniambia wewe.

Jacques sijamsikia tangu Uvira. Nilinyoa kwa ajili ya Anti Saras. Alipokuwa amelala upande mmoja umekufa, aliweka nadhiri: akitembea tena, atazitoa nywele zake zote Madurai. Ndiyo safari yenyewe, ndiyo sababu tumekuja. Ijumaa tukafika pale mlimani, watu wamekaa safu kwa safu mbele ya vinyozi, wazee, mabibi harusi, watoto wachanga, maji yanamwagwa, nywele zinaanguka chini kama majani. Bibi akauona wembe, akarudi nyuma. Ana miaka sabini na sita, nywele zake zinafika kiunoni, hajawahi kuzikata. Akaniambia, "Feli, siwezi, twende." Nimemfundisha kutembea mwaka mzima ili afike pale, halafu arudi Durban na deni la Mungu wake? Nikamuuliza, "Nikikaa mimi kwanza, utakaa?" Nikakaa. Kinyozi akanimwagia maji, akanyoa, akanipaka sandali yenye harufu nzuri, kichwa kikapoa. Mimi sikumtolea mungu wa mtu chochote. Nilimpa moyo mgonjwa wangu. Bibi akacheka, akakaa naye. Ndiyo sababu niliyokuambia uitafute, na nilijua utaikosa, lakini sikujua utakosa mpaka utoboe siri.

Barua yako niliisomea kwenye veranda, kikombe mkononi. Anti Saras akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mume wangu amekufa. Akauliza lini. Nikamwambia, miaka minane iliyopita, ndiyo kwanza nasikia. Alinyanyuka bila mkongojo akaja kukaa karibu yangu.

Sasa nisikilize, wewe mtu wa kulinda watu.

Kila jioni mezani kwako nimesema, "Bwana, mrudishe Ezéchiel." Na wewe umeitikia amina. Miaka saba na zaidi, kila siku amina, ukijua yuko ardhini! Ulikuwa unafunga macho au ulikuwa unaniangalia? Nimewaza hilo tangu jana.

Na Anselmo? Yule fundi viatu, mtu mpole, mjane, alikuja kwako mwaka 2019 amevaa koti la harusi yake, akakuomba ruhusa ya kunioa kwa heshima zote. Ukamjibu mlangoni, nami nikiwa jikoni nasikia: "Mama yangu ni muke ya mutu." Nami nikanyamaza, maana nilidhani ni kweli. Nilijivunia hata, nikasema mtoto wangu anamlinda baba yake. Anselmo amerudi Beira, ana mke. Ulijua, Léonard. Ulisimama pale mlangoni unajua kabisa kwamba mimi si mke wa mtu, ukamfungia mlango.

Hukunilinda mimi. Ulilinda jina la mtoto wa mwalimu, na kiti chako cha mbele kanisani. Na juzi tu umeniandikia Ezéchiel asingeniruhusu. Umemtoa marehemu kaburini aje kunikataza safari!

Ezéchiel naye nina hasira naye, usidhani nimesamehe. Lakini yeye hasira zangu hazimfikii. Wewe unafikika.

Jumapili ijayo utasimama mbele ya kanisa. Utasema mama hakuwa mgonjwa, ulidanganya. Utasema baba alikufa, ulijua, ulinificha. Yote mawili, kwa mdomo wako. Usipofanya, nitafanya mimi siku ya kwanza nikifika, na sitapunguza kitu.

Félicité


Point, Durban, 27 Januari 2025

Mama yangu,

Ni Yvette. Sijui kuandika barua ndefu lakini leo nitajaribu. Léonard alinipa barua zako nizisome, zote, akatoka nje. Nilizisoma na kulia, halafu nikaacha kulia nikakasirika, maana na mimi kwenye meza ile nimeitikia amina kwa nia safi, na yeye alikuwa kando yangu.

Jana alisimama. Alivaa vizuri, akaomba maikrofoni baada ya matangazo. Akasema, "Bandugu, mama hakukuwa mugonjwa. Alienda kazi tu. Mi nilidanganya, munisamehe." Wengine walicheka. Mama Lyse hakucheka, alisimama kwenye benchi yake: "Eish! Sisi tulifunga siku tatu juu ya kansa ya bure?" Hapo watu wote wakacheka, hata Pasta Elysée.

Léonard akangoja kicheko kiishe. Nilimwona anatafuta neno. Akasema, "Na ingine..." Akahamisha maikrofoni mkono wa pili. Akasema tena, "Na ingine ni kusema asante kwa maombi." Akarudisha maikrofoni, akaja kukaa karibu yangu, anatoka jasho.

Mama, sijawahi kusema kanisani hata siku moja. Nilisimama bila maikrofoni. Nikasema, "Mama hayuko mugonjwa, ni kweli. Mama iko mujane. Baba Ezéchiel alikufa tangu 2016. Huyu bwana yangu alijua, akaficha mama yake, akatuficha sisi bote, na tulikuwa tunamuombea mufu arudi." Hakuna aliyecheka. Léonard aliinama mpaka kichwa kikafika magotini. Sikumwonea huruma wakati ule. Nilimwonea tulipofika nyumbani, alipokaa sakafuni na kumlilia baba yake kwa sauti, kama mtu aliyepata habari leo.

Sasa wamama wamekuja, wametoa viti, wametandika magodoro chini. Kilio kimejaa nyumba. Lakini iko jambo linalonisumbua. Wanasema kwa kuwa wewe umeshanyoa, matanga yaishe Jumamosi, wapike, wagawane, basi. Léonard naye amesema hivyo hivyo: "Kama mama alinyoa, imeisha." Nimeona nikuulize wewe kwanza, kabla hawajanunua chochote.

Nisamehe kwa kuonyesha ile picha. Hata hivyo kichwa chako kinakupendeza.

Mtoto wako,
Yvette


Madurai, 29 Januari 2025

Léonard,

Nakuandikia wewe, si Yvette. Yvette nimeshampigia, nimemshukuru, na tumelia pamoja mpaka salio likaisha.

Nimesikia ulishindwa kusema. Nimesikia pia umemlilia baba yako sakafuni. Umefanya vizuri. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi alipoondoka, ulikuwa na haki ya kulia mapema kuliko hapo. Ulijinyima na wewe pia, mpumbavu wangu.

Lakini hayajaisha. Waambie wamama nawashukuru kwa machozi yao, wakunje magodoro waende nyumbani. Jumamosi hakuna kupika. Nywele zilizoanguka pale mlimani zilikuwa za Anti Saras, nilizitoa kwa mapenzi yangu kumpa ujasiri, na zimemaliza kazi yake. Ezéchiel hazimhusu. Hakuna mtu atakayechukua jambo nililomfanyia rafiki yangu akalitumia kumaliza matanga ya maiti wake.

Matanga ya mume wangu nitayaanza mwenyewe, siku nitakayoona niko tayari. Huenda nikamlilia, huenda nikamtukana kwanza. Sijui bado. Nilikuwa mke wake miaka kumi na mbili na mngojezi wake miaka ishirini na sita, kwa hiyo nina mengi ya kusema, na hakuna atakayeniharakisha.

Na unajua desturi. Kwetu mjane hajinyoi, wala hanyolewi na jirani. Hunyolewa na mtu wa ukoo wa mumewe, kwa sababu ndio waliomchukua na ndio wanaopaswa kumwachia. Afrika Kusini nzima mtu mzima wa damu ya Ezéchiel ninayemjua ni mmoja tu. Kwa hiyo tutangoja nywele ziote. Zikishakuwa za kushikika, nitakaa kwenye kiti katikati ya sebule yako, mbele ya hao hao wamama na Pasta Elysée wao, na wewe utaushika wembe. Utaninyoa polepole, usinikate. Na ukiwa unaninyoa utasema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba kuanzia leo mama yangu si mke wa mtu.

Nywele zangu hukua taratibu. Una muda wa kutosha kujifunza kulisema.

Mama yako,
Félicité